Mariana na Chanja ya Usipa

Benchi la nje ya duka la pembejeo, Mbinga mjini, halijawahi kukosa la kusema, lakini asubuhi hiyo lilipitiliza. Picha moja ilikuwa imeingia kwenye kila simu: ufukweni Ngumbo, Ziwa Nyasa, upepo umeezua paa, ukuta uko chini, watu wanakimbia na magodoro, na mbele yao mwanamke ameinama kwenye chanja ya kuanikia, anageuza dagaa wake wa usipa taratibu, hana habari. Hyasinti, fundi cherehani, alimtambua palepale. Ni Mariana, dada yake. Kahawa ilimpalia, akasingizia ni ya moto.

— Huyo kachanganyikiwa, alisema Tobias, ambaye kijiwe kizima humwita Hakimu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba na upepo wapi na wapi, Hakimu?

— Si ulianza kidogo kidogo?

— Picha ya kutengeneza hiyo, alidakia Hamphrey, karani aliyehamishiwa huku kutoka Singida, Afisa kwa jina la kijiweni. Siku hizi kompyuta inakuchora hata wewe ukiwa na nywele.

— Basi ana dawa! alisema Hakimu. Upepo kautuma mwenyewe. Mbona chanja haikuanguka?

Hyasinti uvumilivu ukamshinda.

— Ana moyo mgumu, basi! Hata msiba wa mama yake hakutoa chozi.

— We umejuaje?

— Ni dada yangu.

Benchi zima likamgeukia. Akawaeleza: kwenye matanga alimsema dada yake mbele za watu, na mwaka wa tatu huu hawajasemeshana. Sasa alikuwa na hasira, alikuwa na hofu juu yake, na hofu ndiyo ilimzidi.

— Pole, kaka. Ila hiyo chanja...

— Hakimu, koma!

Hapo akafika Emerensiana, muuza dagaa wa Ngumbo, ndoo kichwani, ameshuka garini sasa hivi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba. Hebu tuambie, huyu mwenzenu ana akili timamu?

Aliitazama picha, akashangaa swali.

— Nyumba si imeshaanguka? Usipa ulikuwa bado unaokoleka. Usipougeuza unaoza, na watoto watakula nini? Sasa mwenyewe anasemaje? Nani kampigia?

 

Hyasinti alitoa simu, akapekua majina, akarudia tena kuanzia juu. Namba ile aliifuta siku ya matanga.

— Mama, alimwambia Emerensiana. Una namba ya dada yangu?