Mama Feli na Kiingereza cha Juu ya Chanja

Miaka thelathini na moja ya kuanika, kugeuza na kuanua dagaa inafika kikomo tarehe 30 Septemba 2026, siku ambayo Bi. Eufrasia Gwimo, Msimamizi wa Chanja katika Kiwanda cha Dagaa Lubengera, Katonga, anastaafu rasmi. Sisi tuliofanya naye kazi tunamwita Mama Feli, kwa jina la mwanawe wa kwanza, Feliksi. Wageni waliofika leo nao wanaruhusiwa kumwita hivyo, ila waanze na shikamoo.

Ieleweke mapema kwamba wasifu huu umeandikwa na idara ya kufunga magunia. Ofisi waliiomba kazi hii wakanyimwa. Tunawajua. Wangeandika "mtumishi mwadilifu na mchapakazi" kurasa nne nzima, na pilau ingepoa watu wakiwa wamesinzia. Idara ya magunia haijasoma sana, lakini kusimulia inaweza, na leo mtakubali wenyewe.

Mama Feli alizaliwa Mwandiga, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa Ujiji, na mwaka 1995 akaingia Lubengera kama mwanikaji. Enzi hizo dagaa walikuwa wanaanikwa mchangani. Mteja akinunua gunia, sehemu yake ni samaki na sehemu yake ni ufukwe. Ukila ugali wako wa muhogo, meno yanalia kama mashine ya kusaga. Mama Feli ndiye aliyesimama mbele ya uongozi wa wakati ule akadai chanja za waya zilizoinuliwa kutoka chini. Mzee Adolf, fundi wetu, alipigilia chanja ya kwanza huku ananung'unika: "Huyu mama anataka ndagala walale kitandani!" Ndagala ndio dagaa kwa lugha ya huku. Siku hizi mgeni akizisifu chanja, Mzee Adolf hukohoa kidogo na kuvuta shati, kana kwamba wazo lilimjia yeye usingizini.

Mengine yanajulikana. Kunguru wote wa Katonga wanamtambua kwa mwendo wake, na akitokea tu kwenye kona ya ghala wanaruka wenyewe bila kutupiwa kitu. Wanikaji wapya walikuwa wanamwogopa wiki ya kwanza, na wiki ya pili wanamletea umbea. Lakini hayo angeweza kuyaandika mtu yeyote, hata ofisi. Tuliloitiwa hapa ni Kiingereza.

Miaka mitatu iliyopita Feliksi alimletea mama yake simu ya kupangusa. Tulidhani itaishia kwenye video za kwaya. Kumbe Mama Feli alikuwa na jambo lake moyoni. Wafanyabiashara wa Zambia walikuwa wanapiga simu kiwandani kuulizia dagaa, wao wanawaita kapenta, na simu ikisema "hello, good morning" tu, inarushwa mkono kwa mkono kama kaa la moto. Shadia wa kuchambua anampa Hamdani wa upakiaji, Hamdani anampa mlinzi, mlinzi anakimbia nayo kumtafuta Meneja Thobias, na akimpata, simu imeshakatika. Mteja naye ameenda kununua kwingine. Mama Feli aliliona hilo mwaka baada ya mwaka, na lilimkera kuliko kunguru.

Basi akaupata ukurasa mmoja mtandaoni ambao kila asubuhi unatoa neno moja au msemo mmoja wa Kiingereza, na maana yake kwa Kiswahili. Akawa anausoma kabla ya jua kuchomoza, kisha anauleta kwenye kundi letu la WhatsApp, Chanja Lubengera, ambalo mpaka hapo lilikuwa la misiba, michango, na picha za maua zenye maandishi ya habari za asubuhi. Yeye mwenyewe Kiingereza alikuwa hakijui. Alikuwa anatutangulia saa moja tu, na hakuwahi kulificha hilo. Ila kila msemo aliuongezea mfano wake wa kiwandani, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Ukurasa ukisema "keep an eye on", yaani kukitazama kitu usikiache, yeye anaandika: "Keep an eye on the crow." Hiyo nani ataisahau, na kunguru mwenyewe yuko pale juu ya paa?

Siku ulipokuja msemo wa mvua kubwa, ule wa Waingereza kusema mvua inanyesha paka na mbwa, kundi liliwaka moto. Mzee Adolf alituma ujumbe wa sauti akifoka: "Mama Feli, mwanangu, hiyo mvua iishie kwao hukohuko! Paka wanyeshe Katonga, dagaa atabaki?" Shadia akamjibu: "Babu, we huogopi mbwa, unaogopa paka?" Mzee akasema mbwa atamfukuza, paka hana heshima. Mpaka leo mawingu yakitanda, mtu mmoja atapiga kelele "paka hao!" na wote tunakimbilia maturubai.

Mama Feli aliweka sheria moja. Kila mtu ajibu kwa sauti yake, kwa sentensi yake, kabla ya dagaa kugeuzwa saa sita mchana. Kuandika alikataza, kwa sababu alitujua, tungenakiliana. Asiyejibu, ikifika saa sita anageuza chanja yake na ya mwenzake aliyejibu, juani, huku mwenzake amekaa kivulini anamsemesha Kiingereza. Meneja naye hakusamehewa. Siku moja alisahau, akageuza dagaa na tai shingoni. Aliyegeuza kuliko wote ni Shadia. Huyu binti alikuwa na aibu ya ajabu kwenye kinasa sauti. Kuzodoa wazee anaweza, lakini mwambie aseme Kiingereza, ulimi unafunga. Kwa mwaka mzima wa kwanza amegeuza chanja za kiwanda kizima mpaka mikono yake ikanuka dagaa hata sikukuu.

Halafu kuna mbalamwezi. Kwa wageni wasioijua kazi hii: mvuvi wa dagaa anamvuta samaki kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote ni taa, samaki hana sababu ya kuja kwako, mitumbwi inabaki ufukweni na chanja zinabaki tupu. Ndiyo maana huku kwetu harusi, vikao, maulidi, ngoma, kila chenye kuhitaji watu kinawekwa mbalamwezi. Mama Feli aliyafanya majuma hayo kuwa ya mtihani. Tunakaa juu ya chanja tupu, anauliza misemo ya mwezi mzima, na mshindi anakula samaki mgebuka wa kukaanga wa pesa ya Mama Feli mwenyewe. Hata miezi ile ziwa lilipofungwa samaki wapumzike, tulikutana. Wauza mbao wa jirani walikuwa wanapita wanatucheka: "Oyaa, chuo kikuu cha dagaa!" Tuliwaacha wacheke. Mtawasikia tena mbele.

Mwaka jana mambo yakawa mabaya. Wateja walipungua, na Meneja Thobias akatuita akatuambia ukweli bila kuuzungusha: asipopatikana mnunuzi mkubwa kabla ya mwaka kwisha, chanja zitang'olewa na kiwanja kitakodishwa. Kwa nani? Kwa wauza mbao walewale. Wanikaji wote warudi nyumbani. Mama Feli alikuwa amebakiza kama mwaka mmoja wa utumishi. Jioni tulimwona anatembea kati ya chanja anazishikashika nguzo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeaga watoto. Akamwambia Mzee Adolf: "Mimi nitaondoka hapa nimeziacha zimesimama."

Mungu si Athumani, akapatikana mama mmoja mnunuzi wa Lusaka, mwenye maduka yake, aliyetaka kuja na msaidizi wake aone tunavyokausha ndipo aamue. Aliuliza kwa ujumbe aje lini. Meneja akamwachia Mama Feli achague siku, kwa sababu chanja ni zake. Na Mama Feli, kwa heshima yote ya mgeni, kwa malezi yote ya Katonga, akachagua siku ambayo kila mtu atakuwepo, amepumzika, amevaa vizuri, na chakula kimepikwa. Akachagua mbalamwezi.

Hakuna aliyeshtuka. Si Meneja, si Mzee Adolf, si idara ya magunia yenye akili zake nyingi. Sote tuliona ni siku nzuri kabisa ya mgeni. Tulifagia, tulifua sare, wamama walichemsha maharage. Wageni waliposhuka kwenye gari kutoka bandarini na kuziona chanja ziko tupu mwanzo mpaka mwisho, hata mfupa wa dagaa hakuna, ndipo akili zikaturudia wote kwa pamoja.

Yule mama wa Lusaka alimtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama saa. Meli yao ya mizigo ilikuwa inarudi bandari ya Mpulungu, Zambia, kesho yake. Mama yule akauliza kwa Kiingereza kama kiwanda hiki kinafanya kazi kweli au tumewaita waje kuangalia waya. Tukamgeukia Meneja Thobias. Naye, usiku uliopita, kwa kuwa ni mbalamwezi, alikuwa msema chochote kwenye harusi ya binamu yake pale Mwanga, na sauti yote aliiacha kwa maharusi. Alifungua mdomo ikatoka hewa, kama tairi la baiskeli lililochomwa. Akajaribu tena. Hewa.

Mama Feli alikuwa amesimama palepale, ameshika upindo wa kanga. Kosa lilikuwa lake na alilijua, na siku zilikuwa zinamwishia.

Hapo ndipo Shadia alipofungua mdomo. Shadia! Mgeuzaji mkuu wa chanja za watu! Akasema polepole, macho chini: "Madam, the lake is resting." Ziwa limepumzika. Yule mama akamgeukia. Shadia akainua kichwa: "Big moon. Fish see light everywhere. Fish don't come to our lamp." Hamdani akadakia kuwa sisi na wavuvi tuko mtumbwi mmoja, "in the same boat", wao wasipoenda ziwani na sisi hatuna kazi. Mzee Adolf, ambaye hakuulizwa, akaipiga chanja kofi akasema, "Strong! Me, I make!" Idara ya magunia nayo ilichangia sentensi mbili safi sana, ambazo unyenyekevu unatuzuia kuzirudia hapa. Kila mtu alitoa misemo aliyokuwa nayo, ya wiki ile, ya mwaka ule, na kila mfano ulikuwa wa dagaa, kwa sababu hatukuwahi kufundishwa mfano mwingine.

Ndipo Mama Feli akasogea mbele. Akasema kwa Kiingereza chake cha saa moja ya kututangulia: siku hii niliichagua mimi. Kwetu hii ndiyo siku ya mgeni, kwa sababu watu wote wako nyumbani. Sikufikiria samaki, nilikufikiria wewe. Kaa nasi mpaka mwezi uanze kuchelewa kutoka, wavuvi wapate giza. Halafu "keep an eye on us."

Yule mama akacheka mpaka akaishika chanja. Akasema kwao alikozaliwa, Mpulungu, wavuvi nao hulala mbalamwezi, ni yeye wa mjini ndiye aliyesahau. Meli ikaondoka bila wao. Walikula ugali wa muhogo na migebuka, wakapelekwa harusi mbili, na msaidizi yule wa kutazama saa alicheza kuliko maharusi. Giza lilipoanza kurudi, mitumbwi ikaenda. Asubuhi chanja ziling'aa kama mabati mapya, na jioni, dagaa walipokauka, yule mama alipita akiwaonja mmojammoja, hana mchanga mdomoni, anauliza maswali, na kila anayemuuliza anamjibu mwenyewe bila kumtafuta Meneja. Kabla hajapanda meli iliyofuata alikuwa ameshaagiza mzigo wa msimu mzima. Ameagiza tena mwaka huu.

Chanja hazikung'olewa. Mnaziona hapo nje, na sasa zina paa linalopitisha jua, na wanikaji wapya wameajiriwa. Mbao za paa lile tulinunua kwa majirani zetu wauza mbao, na siku ya kuzipakia Shadia aliwahesabia kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, taratibu, wakiwa wamesimama wanasikiliza. Chuo kikuu cha dagaa kinawasalimu.

Mama Feli, asante. Asante kwa kutuinua sisi na samaki kutoka mchangani. Asante kwa kila alfajiri uliyosoma kwa ajili yetu. Ulisema utaondoka umeziacha zimesimama, na zimesimama. Sherehe yako tumeiweka leo, Jumamosi ya mbalamwezi, kama inavyostahili, na mama wa Lusaka yuko hapa meza ya mbele. Safari hii alishaambiwa kuwa anakuja kula tu.

Nenda Ujiji ukapumzike, ulale mpaka jua likuchome, ulee wajukuu, na afya ikukalie mwilini miaka mingi. Kuanzia tarehe mosi Oktoba neno la kila siku litaletwa na Shadia. Wewe kwenye kundi hatukutoi, na sheria uliiweka mwenyewe: ikifika saa sita hatujaisikia sauti yako, panda gari uje Katonga. Utageuza chanja mbili, na Shadia atakuwa amekaa kivulini anakusubiri.