Risala ya Wakristo wa Soitpus kwa Baba Askofu, Kuhusu Mate ya Mzee Kisemei

Mgeni rasmi, Baba Askofu; wachungaji mlioandamana naye; Chifu wetu; wageni kutoka Kitengela, Kajiado mjini na hata Magadi; wazee, akina mama, vijana, na nyinyi watoto mlioketi kwenye majani huku mbele: Sopa.

Tumewasikia mkijibu “Ipa”. Wale vijana wa Kitengela waliojibu “Poa” tumewasamehe, kwa kuwa leo ni siku kubwa.

KARIBISHO

Baba Askofu, karibu Soitpus. Barabara umeiona mwenyewe, kwa hivyo hatutapoteza muda kuieleza. Umekuja kulibariki kanisa hili la mawe, na sisi tuna furaha ambayo hatutajaribu kuificha. Mbuzi wamechinjwa, chai iko jikoni, na akina mama wamevaa shanga ambazo kwa kawaida hutoka sandukuni siku ya harusi peke yake.

Risala hii imeandikwa na kamati nzima ya kanisa. Anayeisoma ni Sandra Lemein, mwalimu wetu wa shule ya Jumapili. Sehemu kubwa inawahusu bibi yake na babu yake, yaani Mama Naipanoi na Mzee Kisemei. Sandra ametuahidi kwamba hatalia.

TULIKOTOKA

Injili ilifika hapa mwaka wa 1993 kwa baiskeli. Aliyeiendesha ni Bwana Wanyama, ambaye leo ni mwinjilisti wetu, lakini siku hizo alikuwa mchonga mawe kule Kitengela. Hakutumwa na mtu. Siku za Jumamosi alikuwa akimaliza kazi mapema, na mwenyewe anasema roho yake ilikuwa ikimsumbua kila akiangalia upande huu.

Alifika katika boma la Mzee Kisemei akiwa amejaa vumbi la mawe hadi kwenye kope. Mzee alimsikiliza. Alimpa kiti, akaagiza maziwa, akamwacha aseme habari za Yesu mpaka akamaliza. Kisha akauchukua mkono wa kulia wa Wanyama, akakifungua kiganja, akakitemea mate.

Wanyama akajipangusa kwenye suruali.

Mama Naipanoi, mke wa Mzee, alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Aliona yote. Anasema alihisi aibu kana kwamba ni yeye aliyefanya kosa, kwa maana alijua kitu ambacho mgeni hakukijua: kwetu mzee hamtemei mtu hivyo kwa dharau. Mate yale ni baraka. Mzee huwapa watoto wake, na mtu anayemtakia afike salama. Mzee Kisemei hakufoka. Aliinuka tu, akaenda kuangalia ndama, na mazungumzo yakawa yameisha.

Wanyama alipoondoka, Mama Naipanoi alimfuata njiani. Mjue kwamba halikuwa jambo dogo mke wa mtu kumkimbilia mwanamume mgeni mchana, majirani wakitazama. Lakini kulikuwa na maneno aliyoyasikia siku ile ambayo hakutaka yaende na baiskeli yasirudi.

“Wewe, mgeni,” akamwambia, “umepangusa baraka.”

“Mama, mzee amenitemea mate.”

“Ndiyo. Sasa ulitaka akupatie nini ingine? Huyo mzee hatemei kila mtu.”

Jumamosi iliyofuata Wanyama alirudi. Hakubeba kitabu wala hakuanza na mahubiri. Alisimama mbele ya Mzee akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu. Mzee alimaliza kwanza kutoa kupe kwenye sikio la ndama. Alimaliza na sikio la pili pia. Ndipo akaja akambariki kwenye kiganja cha kulia, na akacheka.

Yaliyotokea baadaye tumeyapata kwa Mama Selpha, mke wa Wanyama, aliyekaa pale kwenye kivuli na tayari anafunika uso. Mume wake aliendesha baiskeli mpaka Kitengela kwa mkono mmoja, ule mwingine ameukunja kifuani ili baraka isidondoke. Jioni ikabidi Selpha amlishe ugali kama mtoto. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba baraka ikishapokelewa, mtu anaweza kunawa mikono.

Habari hiyo ilipofika hapa Soitpus, watu walicheka wiki nzima. Na waliponyamaza, walianza kumsikiliza.

TULIYOYAFANYA

Baba Askofu, hapa utuvumilie, maana tutajisifu.

Mama Naipanoi alikuwa wa kwanza kubatizwa, mwaka wa 1995, juu ya beseni, palepale bomani. Tulikuwa tumesikia kwamba mahali pengine akina mama waliambiwa wavue shanga zao na wasizivae tena. Yeye alizivua ili zisilowe maji, na aliyezishika ni Mzee Kisemei. Alisimama kando yake na shanga za mke wake zimejaa mikono yote miwili mpaka mchungaji aliposema Amina. Kisha akamvisha tena moja moja, hana haraka. Wengi wetu tuliamini siku hiyo, na hatukuamini kwa sababu ya mahubiri.

Baada yake walifuata watoto wake, wake za watoto wake, kisha boma baada ya boma. Leo tunaimba kwa Kimaasai, Kiswahili, Kiluhya na Kijaluo, na yeyote anayesema hatuelewani aje atusikie.

Wanunuzi wa ploti walipoanza kuja na magari yao na kamba za kupimia, Mzee Kisemei alikuwa ameshatutengea kipande hiki. Waliahidi mengi. Yeye aliwaambia, “Hapo ni pa watu wa Wanyama,” akaendelea kuchunga. Mawe haya yote unayoyaona yamechongwa na Wanyama na wenzake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Maji ya kuchanganyia simiti yaliletwa na punda na akina mama. Ukame wa mwaka wa 2000 ulipotupeleka mbali kutafutia ng'ombe wetu malisho, ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Tuliurudia ukiwa na mijusi, tukawafukuza, tukaendelea. Hatukupewa kanisa hili na mtu. Tumelijenga, na leo tunakuonyesha.

YANAYOTULEMEA

Hatuna mlango bado. Mbuzi huingia wakati wa mahubiri, na wako wanaokaa muda mrefu kuliko baadhi yetu. Mchungaji hutufikia Jumapili moja kwa mwezi, mvua ikikubali. Hayo tunayabeba.

Tusiloweza kulibeba tena ni hili. Katika boma la Mzee Kisemei, kila mtu amebatizwa isipokuwa Mzee Kisemei.

Haji kanisani mara moja moja. Huja kila Jumapili. Lakini hukaa pale mlangoni unapomwona sasa, kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, miguu miwili ndani na mmoja nje. Wanyama alipomwomba abatizwe, alimjibu hivi: “Wewe ni rafiki yangu, lakini wewe ni wa kutumwa. Mkubwa wenu akija, mimi nitambariki na yeye anibariki. Mimi naambiwa kila siku nipokee. Na mimi pia niko na kitu ya kupeana.”

Mwaka wa 1999 alikuja mgeni wa heshima, mkubwa wa kanisa, kuweka jiwe la msingi. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Mzee alivaa shuka mpya. Beseni lilikuwa tayari. Aliuchukua mkono wa mgeni akautemea, na mgeni, akitabasamu kwa upole kabisa, akatoa kitambaa cheupe mfukoni akajifuta kidole kwa kidole, mbele yetu sote. Mzee alirudi kwenye kigoda chake. Maji ya beseni tuliwanywesha kondoo.

Usiku ule Mama Naipanoi alimsihi. Amekubali tuyasome maneno yao; “Menye Lemein”, yaani Baba Lemein, ndivyo anavyomwita.

“Menye Lemein, usimkatae Yesu kwa sababu ya mtu mmoja.”

“Sijamkataa. Mimi na Yesu hatuna maneno. Maneno yangu ni na hiyo kitambaa.”

Jumapili moja lilisomwa somo la yule kipofu ambaye Yesu alitema mate, akafanya tope, akampaka machoni. Mama Naipanoi hakungoja kuimba wimbo wa mwisho. Alikwenda mlangoni akainama sikioni mwa mume wake: “Umesikia? Hata yeye alitema mate.”

Mzee akafikiri. “Na huyo kipofu alijipangusa?”

“Aliambiwa aende anawe.”

“Basi aliambiwa,” akasema Mzee. “Hakutoa kitambaa mwenyewe.”

Sote tulicheka, na Mama Naipanoi akacheka pamoja nasi. Lakini alikwenda nyuma ya ukuta akalia. Amekuwa mke wake tangu akiwa msichana. Kila jambo la maisha wamelifanya wawili, isipokuwa hili. Mwaka huu daktari wa Kajiado amemwambia Mzee moyo wake umechoka na asitembee mbali. Kutoka bomani hadi hapa, leo, alipumzika njiani mara nyingi, na hakukubali kubebwa. Mama Naipanoi anaogopa kwamba hataitembea njia hii mara nyingine. Sisi pia tunaogopa.

OMBI LETU

Baba Askofu, katika kamati tulibishana. Katibu wetu, Bwana Opiyo, alikuwa ameandika maombi mazuri: mlango, mabati ya nyumba ya mchungaji, pikipiki ya mwinjilisti. Na alituonya kwa nia njema, akasema, “Hii maneno ya mate tuache. Tutaaibisha Baba Askofu mbele ya watu.”

Mama Naipanoi si msemaji wa mikutano. Siku hiyo alisimama. “Kama risala ni ya kuficha kitu,” akasema, “basi tupike tu chai, mgeni akunywe aende.”

Opiyo alichukua kalamu yake akayafuta maombi yote mwenyewe. Mlango tutajitafutia.

Limebaki ombi moja. Hatuliombi kwa aibu. Mtu anayekusubiri ndiye aliyetufungulia boma, akatupa ardhi, akatupa mama yetu wa kwanza katika imani, na hajawahi kutuomba chochote ila apewe nafasi ya kukubariki wewe mkubwa wetu. Hana lingine la thamani zaidi ya hilo. Tukisoma neno la mwisho, atainuka kutoka pale mlangoni. Tafadhali usimfuate, mwache aje mwenyewe, hata akichelewa. Atakushika mkono. Beseni liko kulia kwako, chini ya kile kitambaa cha meza, na maji yake yametekwa alfajiri na watoto wake.

Siku Mama Naipanoi alipobatizwa, mume wake alimshikia shanga. Leo ni zamu ya Mama kushika. Ndiyo maana umewekewa kiti karibu naye.

Kwa hivyo, Baba Askofu, kabla hujasimama, mpe Mama Naipanoi kitambaa chako cha mfukoni akushikie.

Enkai, Mungu wetu, akupe miaka mingi, akupe mvua popote unapokwenda, na mikono yako isirudi mitupu.

Ni sisi watoto wako,
Wakristo wa Kanisa la Soitpus, waliobatizwa pamoja na anayengoja.