Bati la Bochaberi

Benchi letu liko Mosocho, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, na mwisho wake kuna jiko la Ruth na birika la kahawa ambalo halipoi mpaka jua lishuke. Wanaokaa hapo ni walewale. Kuna Manasseh, tunayemwita Diwani kwa sababu aligombea udiwani mara mbili, mara zote akakosa. Kuna Nyangau, anaitwa Redio; hakuna jambo la dunia hii ambalo hajalisikia mahali. Na kuna Masese, dereva wa pikapu ya majani chai, tuliyempa jina la Pilato: anakupa ushauri, ukiharibika ananawa mikono. Wiki hiyo benchi lilikuwa na habari moja tu, nayo ni bati.

Bochaberi ni binti wa Diwani, yuko kidato cha tatu. Siku hizo nyumbani alikuwa anasalimia, anakula, anafunga mlango wa chumba chake. Basi jioni moja akamfuata babake kwenye zizi la ng'ombe, akamwambia: Tata, bati letu limepasuka, na Jumapili tunacheza na wasichana wa Nyansiongo. Lingine hatuna. Diwani alifurahi kuombwa kitu na huyu mtoto hata akakubali kabla ya kuelewa. Asubuhi akaenda Kisii mjini kwa Haresh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na bati la mabati, la kuezekea nyumba, amelibeba kichwani.

— Haresh ameniuliza unene wa geji gani, akatuambia, akilishusha. Nikamwambia anipe ile ngumu, kwa sababu ni ya shule.

— Shule gani inaezekwa kwa bati moja? akauliza Ruth.

— Wanacheza nalo. Mchezo unaitwa kriketi.

Redio akaweka kikombe chini polepole, kama daktari anayeleta habari mbaya.

— Diwani, hiyo bati ya kriketi ni ya mti. Ni kama mwiko wa kusonga ugali, lakini wa mtu mkubwa. Mtu anarusha mpira, wewe unaupiga na mwiko.

Diwani aligonga lile bati la nyumba kwa kidole.

— Sasa huyu mtoto si angesema mwiko?

Alirudi mjini kulirudisha. Bahati nzuri Haresh aliwahi kucheza kriketi ujanani. Hakucheka sana. Alimchorea bati kwenye kipande cha katoni, akamweleza: upande wa mbele uwe bapa, mgongo uinuke katikati kama paa la nyumba. Mpini ni mti mwingine kabisa. Unachongwa ncha kama kabari, unazamishwa kwenye ubao na kugandishwa kwa gundi, ili mkono usiumie mpira ukigonga. Mti wenyewe uwe mwepesi, uliokauka vizuri. Ule wanaotumia wenyewe hauoti huku kwetu, kwa hiyo tafuta ndugu yake.

Diwani alikuwa hajawahi kuchonga hata kijiko. Aliazima randa, patasi na msumeno, akaja kufanyia kazi mbele ya kibanda changu, kwa sababu nyumbani, alisema, hakuna mwanga mzuri. Sisi tulijua ni kwa sababu nyumbani hakuna watu wa kumtazama.

— Tumia blugamu, akasema Redio. Nguzo za stima ni blugamu. Umewahi kuona nguzo inaogopa mpira?

— Haresh amesema mti mwepesi.

— Haresh anauza misumari. Mti atajulia wapi?

Pilato akaunga mkono. Alisema blugamu ni sawa, lakini yeye asitajwe. Diwani akachonga blugamu mbichi siku nzima. Jioni bati lilisimama kwenye ukuta wangu likionekana zuri kabisa, ila hakuna aliyeweza kuliinua kwa mkono mmoja. Diwani alijaribu kulizungusha. Bati lilikwenda, naye akalifuata, wakasimama pamoja kwenye karai la ndizi za Ruth.

— Baba Bochaberi, akasema Ruth, akiokota ndizi zake. Huyo mtoto anacheza ama anapasua kuni?

Kesho yake lile bati lilikuwa limekauka upande mmoja na kupinda kama pembe. Diwani alilisukuma kando kwa mguu. Alikwenda nyumbani akarudi na ubao wa kitanda cha marehemu mamake, mti wa grivelia uliokaa ndani ya nyumba miaka mingi, mkavu na mwepesi. Alikaa nao kwanza kidogo, ameushika magotini, kabla ya kuuchora kwa penseli. Hapo hata Redio alinyamaza mpaka randa ilipoanza kutembea.

Lakini hakunyamaza sana.

— Nimefikiria, akasema. Hiyo mgongo ya paa ni ya nini? Toboa mashimo katikati. Upepo upite. Bati itakuwa na mbio.

— Mpira si utapita pia? nikauliza.

— Mashimo madogo.

— Mimi naona shida si mti, akasema Pilato. Shida ni mpira kurudi karibu. Weka raba ya tairi mbele. Mpira ukigusa raba unaruka mpaka Magwagwa.

— Na ukiruka Magwagwa nani ataenda kuuleta? akauliza Ruth.

— Hiyo ni kazi ya Nyansiongo. Wao ndio wameutupa.

Redio hakutaka kushindwa. Akasema Tabaka kuna jiwe la sabuni, jiwe linalochongwa vinyago. Bati ya jiwe, mpira ukiiona unapunguza mwendo wenyewe. Pilato akasema hapana, dawa ni kuipaka mafuta ya kondoo, mpira uteleze, yule anayeudaka aanguke. Redio akasema ukishafika kwa mafuta, weka pilipili kabisa, aliyedaka ajifute macho. Kufikia kikombe cha pili walikuwa wanabishana kama pilipili iwe mbichi au ya kusaga.

— Mtafanya mtoto afukuzwe shule, akasema Ruth.

— Mimi nilisema mafuta tu, akajibu Pilato. Pilipili sijui.

Diwani alikuwa hasikii. Vumbi la mbao lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa anapiga randa kidogo, anainua ubao, anaupima kwa mkono, anarudia. Mpini aliuchonga mara tatu. Wa kwanza ulipasuka, wa pili ulikuwa mwembamba kwenye kabari ukawa unacheza ndani, wa tatu ukakaa. Gundi ikafungwa kwa kamba usiku kucha. Ijumaa mchana nilimsaidia kuzungusha uzi wangu wa viatu kwenye mpini, nikauvika kipande cha tyubu ya baiskeli ili mkono usiteleze. Akapiga msasa mbiombio, kwa sababu jua likizama ni Sabato, na Diwani ni shemasi. Lilipoisha alilishika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, hajui aweke mkono wapi.

— Ni bati, akasema.

— Ni bati, tukakubali.

Jumapili tukaenda wote Nyansiongo kwa pikapu ya Pilato, mimi na Ruth mbele, Diwani na Redio nyuma na birika. Diwani alikuwa amevaa suti ya kampeni. Tulipata nafasi nzuri kando ya uwanja, kwenye nyasi, mashamba ya mahindi nyuma yetu. Redio akatueleza mchezo. Kuna vijiti vitatu vimesimama, alisema. Anayerusha anavitafuta. Vikianguka, hiyo ni bao.

Basi tulishangilia. Kijiti kikianguka tunasimama. Diwani alipunga koti hewani. Ruth alipiga vigelegele mpaka watu wote wa uwanja wakageuka kututazama, na sisi tukadhani wanashangaa namna Mosocho inavyopenda watoto wake. Bochaberi alipoingia na bati la grivelia, aligonga mpira ukapita juu ya watu wote ukaingia kwenye mahindi. Redio akatushika mikono.

— Kaeni. Hiyo ni nje. Ameharibu.

Tukakaa kimya, tumeinamisha vichwa kwa heshima ya Diwani. Akagonga mwingine, tukazidi kumsikitikia. Kisha vijiti vyake vikaanguka, na hapo ndipo tulipopiga kelele kuliko siku yote. Diwani alilia machozi. Bochaberi alitoka uwanjani akituangalia, na sura yake sikuielewa.

Jumatatu baada ya masomo tulikuwa kwenye benchi tukieleza ushindi kwa kila aliyeleta kiatu, Bochaberi akaja mwenyewe, na sare ya shule, bati begani. Wasichana hawaji kwenye benchi letu. Akatusalimia kwa adabu mmoja mmoja, mkubwa kwanza.

— Tata, bati ni nzuri, akasema. Haikupasuka. Mwalimu ameuliza nani amechonga. Mpini tu ni mrefu kidogo, unipunguzie.

Diwani akalipokea.

— Tuliwaona, akasema Redio. Mlicheza vizuri. Vile vijiti vilianguka sana.

— Ndiyo. Vilianguka vyetu. Vijiti vyako vikianguka unatoka, mchezo wako umeisha. Na mpira ukifika kule kwenye mahindi bila kugusa chini, unapata alama nyingi.

Nilichukua kiatu kilichokuwa tayari nikaanza kukishona tena. Pilato alikuwa ameangalia mikono yake.

— Wenzangu wananiuliza, akaendelea Bochaberi, na alikuwa anajizuia, midomo inamcheza. Nami sijui niwajibu nini. Jana nyinyi mlikuwa mnashangilia nani?

Diwani alimwangalia Redio. Redio alimwangalia Ruth. Ruth alifunua birika, akachungulia ndani muda mrefu, akasema kahawa imeisha.

Lakini hatukuondoka. Diwani alisogea kwenye ubao, akamsukuma Redio, naye Redio akamsukuma Pilato aliyekuwa mwisho, mpaka Pilato akabaki amesimama. Bochaberi akaketi karibu na babake. Halafu akaanza kucheka, na babake naye, huku akipapasa mpini kwa kidole gumba, akitafuta mahali pa kukata.