Kitu Kwenye Dirisha la Ghala

Jioni ile benchi lilikuwa limechoka kama waliolikalia. Lilikuwa mbele ya duka la vipuri lililofungwa, mguu wake mmoja umeegemezwa tofali, na muuza kahawa alikuwa amekwisha mimina raundi ya pili bila kusema neno, kama kawaida yake. Ilikuwa siku ya kuonyeshana picha. Kongoni, dereva wa lori, hupiga picha za wanyama anaokutana nao njiani. Bi Sindano, mshonaji, hupiga mambo ya kila siku: nguo kambani, foleni ya maji, watu waliosinzia. Mzee Lenzi, mpimaji ardhi mstaafu, hupiga majengo tu, maana jengo, husema, halikuambii subiri nichane nywele. Leo alikaa mwisho wa benchi, bahasha mapajani. Tangu asubuhi alikuwa akijishauri aje ama asije.

— Naanza mimi, Kongoni alisema, akitoa simu. Cheki huyo pundamilia.

— Huyo ni punda, alisema Bi Sindano. Mistari ni kivuli cha uzio.

— Haraka haraka haina baraka, dada. Tazama vizuri.

— Nimetazama. Ana kamba shingoni.

— Basi ametekwa!

Wakacheka kivivu. Simu ikafika kwa Mzee Lenzi. Akaisogeza karibu na pua, akairudisha.

— Mwanga umekaa vizuri.

Ndilo jibu alilokuwa akilitoa siku hizi kwa kila picha. Mwanga ndio kitu pekee alichoweza kukisemea bila wasiwasi.

Bi Sindano akampa simu yake: mteja kasinzia kwenye kiti cha kinyozi, ndevu zimenyolewa upande mmoja.

— Hapa pia, mwanga... alianza Mzee Lenzi.

— Mzee, umeishika juu chini.

Kongoni akapiga paja kwa kicheko. Mzee Lenzi naye akacheka, kama mtu aliyekuwa akitania.

— Haya, tuone ghorofa zako, alisema Kongoni. Mwenye macho haambiwi tazama.

Mzee akafungua bahasha. Picha alikuwa ameisafisha kubwa, karibu ukubwa wa kalenda. Lilikuwa ghala la zamani karibu na stesheni, lile linalosubiri kubomolewa. Kiwanja kile alikipima mwenyewe akiwa kijana, na madirisha yake aliyajua kwa idadi. Alisimama upande wa pili wa barabara, akaelekeza kamera pale kumbukumbu ilipomwambia, akabonyeza.

— Ee bwana, alisema Kongoni. Nani huyo dirishani?

— Dirisha lipi?

— Ghorofa ya pili, la kushoto. Kuna kitu.

Bi Sindano akainama. — Kweli. Kama mtu.

— Mtu atapita wapi? Milango imepigwa misumari. Nakwambia ni mlinzi. Walifunga ghala, wakamsahau ndani.

— Miaka yote hiyo anakula nini?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali zako, Kongoni, zinahitaji leseni. Huyo ni mwenye ghala. Kasikia linabomolewa, kaja kujificha ili wasilivunje.

— Mwenye ghala alikufa zamani!

— Ndiyo maana hahitaji mlango.

Muuza kahawa akatikisa kichwa. Wote wawili wakamgeukia aliyepiga picha. Akinyamaza, watauliza. Akiuliza yeye, watajua.

— Ni bundi, alisema. Nilimwona kwa macho yangu. Aligeuza shingo akanitazama.

— Bundi? Bi Sindano akaisogelea tena picha. Mbona naona kofia?

— Alikuwa nayo.

— Bundi ana kofia?

— Kulikuwa na baridi, alisema Mzee Lenzi, na uchovu wa uongo ule ukamlemea hata akatamani kuinuka akaondoka. Lakini mtaro wa mbele ya benchi siku hizi alikuwa akiuvuka kwa kubahatisha.

Hapo ndipo alipopita nesi wa mtaa wa nyuma, katoka zamu, sweta juu ya sare. Alikuwa mgeni pale kijiweni. Akaomba kahawa, akaipokea akiwa wima, akachungulia picha.

— Si koti hilo limetundikwa?

Kongoni akaitazama picha upya.

— Mzee anasema bundi, alisema Kongoni kinyonge.

Nesi akamtazama Mzee Lenzi, jinsi alivyoelekeza uso pembeni kidogo ya sauti yake.

— Shikamoo, baba. Wewe ndiye uliyepiga. Mwenyewe unaona nini?

Angeweza kuongeza bundi wa pili. Hakuwa tena na nguvu.

— Marahaba, binti yangu. Naona weupe. Kama vile mtu ametia maziwa katika kila kitu.

Nesi akaweka kikombe chini, akainua mkono mbele yake. — Vidole vingapi?

— Usinipime, mwanangu. Mpimaji ni mimi.

— Vingapi, baba?

— Vitatu.

Nesi alikuwa amekunja ngumi.

Bi Sindano akajifunika mdomo kwa kiganja. — Mzee wetu, mbona hukusema?

— Mwanangu wa kumzaa akijua atanihamishia kwake. Kamera ataifungia kabatini, nami anifungie sebuleni. Nikasema, nipige kidogo kidogo hivi hivi, ghala lile angalau nilimalize kabla hawajalimaliza wao.

Bi Sindano akairudisha picha kwenye bahasha.

— Inaweza kuwa mtoto wa jicho, alisema nesi. Hutolewa kwa upasuaji. Siahidi, mpaka daktari aone. Kliniki ya macho ni Alhamisi asubuhi, uje na mtu. Kitu cha kwanza watakachouliza ndicho ninachouliza mimi: yameanza lini?

— Sijui, alisema Mzee Lenzi. Yaliingia polepole. Kila siku nilidhani ni mawingu.

Nesi akawageukia wenzake.

— Nyinyi mnakaa naye kila jioni. Tangu lini haoni?

Kongoni akamwangalia Bi Sindano. Bi Sindano akamwangalia muuza kahawa, naye akatazama birika lake. Nesi akasubiri. Lori likapita, vumbi likapanda, likatua, wakiwa bado wanawaza.

— Alhamisi nina safari, Kongoni alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Nitawaambia kazini watafute dereva mwingine, nimpeleke mzee.

— Sijauliza hilo, kaka, alisema nesi taratibu.

— Najua, dada.