Tusajigwe, Aliyewaonea Wivu Wenye Damu Nzuri

Marehemu Tusajigwe Aroni Mwakalinga alizaliwa Uyole, Mbeya, tarehe 14 Juni 1996, mtoto wa kwanza wa Mzee Aroni na Mama Faustina. Vidole vilipoanza kumvimba, wazee wakasema ni kijicho cha jirani. Mtoto akachanjwa chale, jirani akanuniwa, vidole vikaendelea kuvimba. Alipofika miaka sita ndipo hospitali ikautaja ugonjwa: selimundu.

Alisoma shule ya msingi Uyole, kisha sekondari Iringa, yaani baridi juu ya baridi, na baridi ndiyo iliyomwamshia maumivu ya mifupa. Huko Mwalimu Masumbuko alifundisha kwamba himoglobini ni protini, mnyororo wa asidi amino zilizopangwa kwa mpangilio. Kwa mwenye selimundu, mahali pa sita, palipotakiwa asidi iitwayo glutamiki, pamekaa nyingine iitwayo valini. Basi chembe nyekundu zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa. Tusajigwe akasimama.

“Moja tu, mwalimu? Nyingine zote zimekaa sawa?”

“Moja tu.”

Akakaa, akawatazama wenzake walivyonawiri, akanuna mpaka kengele ikalia.

Alimaliza mwaka 2014, akawa fundi wa masweta ya shule pale Uyole. Mdogo wake Pendo alikimbia mazoezi kila asubuhi, na marehemu alimtazama dirishani kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Pendo naye alililia maini aliyokuwa akipikiwa dada peke yake.

Hakujaliwa kuolewa. Lakini Pendo alipochumbiwa na Sedekia wa Iringa mwaka 2021, marehemu aligoma: posa haipokelewi mpaka wote wawili wapime damu.

“Dada, una wivu tu!”

“Wivu ninao. Na kupima mtapima.”

Wakapima. Kila mmoja alikutwa amebeba kinasaba kimoja cha selimundu. Wakaoana wakijua kwamba mtoto anaweza kuurithi ugonjwa. Mwaka 2023 akazaliwa Goodness, naye anao ugonjwa. Ila alipimwa akiwa mchanga, akaanzishiwa dawa mapema. Marehemu akampokonya mikononi mwa mama yake: “Huyu wangu. Wenye damu nzuri kaeni pembeni.”

Julai 2025 kifua kilimbana, akalazwa Mbeya. Alimwambia Pendo, “Mtoto huyu anapata dawa ambazo mimi sikupata. Mfikisheni thelathini. Nitaona wivu, lakini mfikisheni.” Alifariki alfajiri ya tarehe 11.

Ameacha wazazi wake, wadogo zake Pendo na Ipyana, shemeji Sedekia, na Goodness, ambaye kliniki yake ni Jumatatu.

Alale salama, mifupa isimuume tena.