Mpaka Hutembewa na Wawili: Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Nyevu Dena

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Nyevu Dena, Katibu wa Masoko ya Nje wa Ushirika wetu wa Wakulima wa Korosho, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Atarudisha ufunguo wa ghala la kijijini Adu na muhuri wa ofisi ya Malindi. Ufunguo tutaupokea kwa mikono miwili. Muhuri tunauogopa kidogo, maana tangu mwaka 2008 haujawahi kulala popote ila ndani ya mkoba wake wa ukindu, na hatujui kama utakubali kukaa kwenye droo kama mihuri ya watu wengine.

Kazi ya kuandika haya nimetwishwa mimi kwa kuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwake miaka kumi na minne. Mimi ni mzaliwa wa Shella, hapa Malindi, mtu wa mjini, na nilipofika ofisini mkorosho niliujua kwa kivuli chake tu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo tutamsifu bila woga, kwani hata akilitia maji, zamu yake ya kugema imekwisha.

Aliingia kazini mwaka 1992, msichana wa miaka ishirini na saba, akiwa karani wa mizani pale Adu. Siku hizo ushirika ulikuwa na mnunuzi mmoja tu. Alikuja na lori lake, akasema anachotaka, akapakia, akaenda zake. Mambo ya nchi za nje yalikuwa ya mabalozi na mawaziri, watu wa suti na bendera ndogo kwenye gari. Mkulima wa Adu alizisikia habari zao redioni, baada ya taarab na kabla ya matangazo ya vifo, kisha akachukua jembe lake.

Baadaye dunia ikaanza kuja Adu yenyewe, tena bila kubisha hodi. Wakaja wanunuzi wa India, wa Vietnam, wa Ulaya, wa Ghuba, kila mmoja na fomu zake na masharti yake. Bi Nyevu akabandika ramani ya dunia ukutani na kuanza kuichoma pini: bandari iliyogoma, nchi iliyopandisha ushuru, serikali iliyoanguka. Meli zilipoikimbia Bahari ya Shamu kwa sababu ya vita na kuizunguka Afrika nzima, yeye ndiye aliyekwenda ghalani kuwaeleza wakulima kwa nini kombora lililorushwa mbali vile linamhusu mtu wa Adu. Alieleza vizuri mno. Mzee Gona, ambaye uchaguzi wa diwani wetu humpitia akiwa amelala, siku hizi hutupigia simu alfajiri kuuliza kura za ng'ambo zimekwendaje.

Kwenye semina za mjini hapakosi mgeni wa kutukumbusha kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Bi Nyevu hakuupenda kabisa msemo huo. Alikuwa akimsubiri mgeni amalize, kisha anamjulisha kwa upole kwamba nyasi za Adu zina miiba.

Lakini kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2019. Mikorosho ilikuwa inakatwa kwa pupa ili ichomwe makaa, kwa kuwa soko lilikuwa limelala na watu wamechoka kungoja. Bi Nyevu alizunguka nyumba kwa nyumba miezi miwili, akiwaomba waiache miti isimame. Hakuwa na ahadi ya serikali wala barua ya mnunuzi yeyote. Alikuwa na neno lake tu, kwamba soko litarudi na likirudi watauza wote, mwenye shamba kubwa na mwenye dogo. Watu wakaweka mashoka chini. Mnajua jinsi ilivyo vigumu kumfanya Mgiriama aweke shoka chini akishaamua, kwa hiyo mtaelewa uzito wa neno hilo.

Soko likarudi kweli. Kisha, mwaka 2023, kamati ya nchi wanunuzi ikatangaza kanuni mpya: kila mkulima aonyeshe karatasi ya kuthibitisha mipaka ya shamba lake, ama korosho zake zisishuke bandarini kwao. Walitaka kuhakikisha kwamba hakuna msitu uliofyekwa, na nia hiyo hatukuwa na ugomvi nayo. Shida ni kwamba zaidi ya wakulima mia nne wa Adu wamerithi mashamba kutoka kwa babu zao na hawana hati miliki. Kanuni ikipita vile ilivyo, miti iliyoombewa itageuka kuni, na neno la Bi Nyevu litageuka uongo. Alitwambia hivyo wazi ofisini, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akilia kazini. Alilia kama dakika moja, akajifuta kwa leso, akaagiza chai.

Chai ilipokwisha alikuwa na mpango. Huko Adu mpaka hutembewa. Majirani wawili huongozana kona hadi kona, kila mmoja akiona mwenzake anakanyaga wapi, wanapanda mnyaa, mti wa ua, kwenye mstari, kisha wanakula sima katika sahani moja. Akitembea mmoja peke yake, huo si mpaka, ni uvamizi. Bi Nyevu akauchukua utaratibu huo huo, akaongeza simu ya kupima mahali hasa ilipo kila kona na fomu yenye dole gumba la wote wawili. Sharti lake lilikuwa moja: jirani asipotembea, shamba haliandikwi, awe nani awe nani.

Miezi saba tulikuwa watu wa vumbi. Tulikuta ndugu wawili, Owen na Marvin, walionuniana miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mkorosho mmoja uliosimama mpakani. Walikubali kutembea, kila mmoja na mashahidi wake na hasira zake, na walipofika kwenye mti wenyewe, lo! Ulikwisha kufa zamani, umeliwa na mchwa mpaka ndani, na hakuna kati yao aliyejua kwa jinsi walivyokuwa wakikwepana. Waliweka dole gumba siku hiyo hiyo.

Tuliandika mashamba mia nne na kumi na mawili. Shamba moja halikuandikwa, nalo ni la Bi Nyevu mwenyewe. Jirani yake, Mzee Ngowa, alikataa kutembea naye na hakutoa sababu. Bodi ilimshauri Bi Nyevu aliandike tu, muhuri si anao mwenyewe, nani atauliza? Akakataa katakata. Tangu hapo korosho zake haziendi ng'ambo. Anazikaanga na kutuletea ofisini, na kusema kweli sisi hatujawahi kumwombea Mzee Ngowa abadili moyo.

Machi 2024 ikafika siku ya kusikilizwa. Bi Nyevu alikuwa ameandikiana na vyama vya wakulima wa Msumbiji, Brazil na India, wakapaza sauti pamoja mpaka kamati ikakubali kuwasikiliza kwa njia ya video, dakika kumi kila chama. Tazameni mambo yalivyogeuka: jambo ambalo zamani lingengoja balozi, sasa lilikuwa linangoja kompyuta yangu iamke. Wakulima kumi na wawili walikuja kutoka Adu wamevaa za Idi na Krismasi. Cynthia, msaidizi wake, alikuwa mkalimani. Mimi nilishika saa.

Bi Nyevu akaanza na kulamusana, yaani kuamkiana kwa Kigiriama, na anayejua salamu za Kigiriama anajua hazina njia ya mkato. Alimuuliza mwenyekiti wa kamati habari za nyumbani, za watoto, za wazazi, za mvua. Yule mama wa watu akajibu, na kwa adabu akauliza na yeye. Dakika nne zikaenda. Nilimwonyesha saa kwa ishara zote nilizojaliwa, akaniangalia kama mbuzi aliyeingia jikoni. Hapo Bi Kabibi, mkulima wa korosho na mweka hazina wa kikundi cha akina mama, akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi Mnarani kwamba yule bwana wa pembeni ya mwenyekiti hajasalimiwa. Akasalimiwa. Zikabaki dakika tano, na hotuba tuliyoipiga msasa wiki mbili ikabaki ndani ya mkoba pamoja na muhuri.

Basi akasema alichokuwa nacho moyoni. Aliwaeleza jinsi mpaka unavyotembewa Adu, akawaonyesha fomu, akawasimamisha Owen na Marvin bega kwa bega. Kisha akawauliza wanakamati swali moja: kanuni hii ni mpaka mnaotuchorea sisi, je, mlipokuwa mnauchora, mlitembea na nani wa kwetu? Akawakumbusha kwamba mwenye muhuri anaweza kuchora popote, lakini mpaka aliotembea peke yake mwenye muhuri si mpaka. Cynthia alitafsiri neno kwa neno. Kisha maswali yakaanza, na tulipoachiliwa saa yangu ilionyesha dakika arobaini na tatu.

Sisemi kwamba salamu ndizo zilizotuokoa. Fomu zilikuwepo, na wenzetu wa ng'ambo walisema kama tulivyosema. Ninachojua ni kwamba baada ya miezi mitatu ilikuja barua: pale ambapo hati miliki hazijatoka, ushahidi wa jirani uliotembewa na kupimwa utakubaliwa. Bi Nyevu aliipeleka Adu mwenyewe na kuisoma ghalani mara tatu, kwa kuwa kila alipomaliza anatokea mtu aliyechelewa. Neno lake lilikuwa limesimama, na mikorosho pia.

Nilidhani wasifu huu ungeishia hapo. Lakini Jumatatu iliyopita Mzee Ngowa aliingia ofisini, amevaa kofia yake ya msibani na harusini, akapigiwa shikamoo na sisi sote, akaketi mbele ya Bi Nyevu. Alisema amesikia anastaafu. Alisema mpaka wao hajawahi kuukataa hata siku moja, ila aliukataa muhuri ulio ndani ya mkoba. Angetembea na mwenye muhuri, watu wangesema Ngowa ameogopa, na yeye mwenyewe asingejua kama wanasema uongo. Kwamba mpaka wa mwenye muhuri peke yake si mpaka, akaongeza, hata Bi Nyevu mwenyewe aliwafundisha wazungu, na habari ilimfikia Adu.

Ofisi nzima tulikodoa macho. Bi Nyevu, ambaye ana jibu la kila mtu kuanzia meneja wa bandari hadi mwanakamati wa ng'ambo, safari hii aliushusha mkoba wake sakafuni. Kisha akasema Mzee Ngowa ana haki. Miaka yote hiyo alipigana na wakubwa wa dunia, na haikumpitia akilini kwamba kwa jirani yake, yeye ndiye aliyekuwa nchi kubwa.

Wamekubaliana kutembea Jumamosi, tarehe mosi Novemba, saa moja asubuhi, siku ya kwanza atakayoamka bila muhuri. Kwa hiyo hatukumnunulia saa ya ukutani wala blanketi. Zawadi yetu ni miche ya mnyaa na fomu nambari 413, haijaandikwa kitu. Itagongwa muhuri na Cynthia, katibu mpya, wakishaweka dole gumba.

Bi Nyevu, umetufundisha kusema na dunia bila kuinamisha kichwa, na tunakushukuru kutoka moyoni. Mungu akupe afya, usingizi mwema na mavuno ya kukutosha wewe na wageni wako. Muhuri uache mezani. Jirani yako anakungoja kwenye kona ya shamba, na sisi tutaleta sima.

Faris Mbaruk
Karani wa Kumbukumbu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, Malindi