Kijiji Kilichokosa Wabebaji

Ndani ya basi la mwendokasi, Zarna wa Upanga alikuwa akimsimulia Vitalis, muuza vitenge aliyeketi pembeni yake, safari yake ya Japani.

"Vijijini wamebaki wazee watupu, kaka. Siku ya sikukuu walituomba sisi wageni tuwabebee kijumba cha mungu wao. Vijana wote wako mjini."

"Loo! Mkabebeshwa mungu wa watu!" Vitalis alicheka, kicheko kikamfia mdomoni. "Kwetu Masasi jeneza la baba lilibebwa na wapita njia. Mimi nilikuwa huku dukani."

Abiria walitazama nje, masikio yakabaki ndani.

"Na mama?" Zarna akauliza.

"Yupo peke yake. Ananiita kila msimu wa korosho."

"Si uende!"

"Duka nimwachie nani, dada?"

Basi likasimama Msimbazi. Vitalis akateremka, simu sikioni, akimjibu mteja.